Kuvuta fimbo za kinu cha nyuklia kwa mfuko wa makande

Ukiliambia darasa la kidato cha nne hapa Bahi kwamba kesho utaingia na fimbo, hakuna atakayefikiria nyuklia. Wengine kesho yake hawatatokea kabisa. Kwa hiyo tangaza mapema: fimbo hii haichapi mtu, ni kipande cha boksi, na kazi yake ni kula nyutroni, zile chembe ndogo zinazopasua viini vya urani.

Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenzangu mwenye darasa kubwa, maabara ya kuazimana na vipindi viwili vya mfululizo. Kila mwaka tukifika kwenye mpasuko wa kiini cha atomu, ambapo kiini kilichogongwa na nyutroni kinapasuka na kutoa joto pamoja na nyutroni nyingine za kupasua viini vingine, wanafunzi wananisomea kwa ghibu ile sentensi ya Kiingereza ya kitabuni, kwamba fimbo za udhibiti hunyonya nyutroni. Wako sahihi. Lakini uliza hivi: fimbo ikipanda sentimita tatu, nguvu ya kinu inaongezeka kiasi gani? Darasa zima linatazama juu kwenye mabati. Jibu ni kwamba inategemea fimbo ilikuwa wapi kabla ya kupanda. Sentimita tatu za ukingoni na sentimita tatu za katikati si ndugu, na mtu anayezichukulia kuwa sawa ndiye anayeharibu kinu.

Hapa kwetu swali lenyewe haliko mbali. Watafiti wa urani wameshapita Bahi na Manyoni na mashine zao, na mtoto aliyekulia kando ya majaruba ya mpunga anajua kwamba kuna kitu chini ya udongo. Anachotaka kujua ni kinavyowaka. Tanzania haina kinu cha nyuklia cha kumpeleka akakione. Kinu cha kwanza Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, kidogo cha utafiti. Cha kuzalisha umeme kwa wingi kipo Koeberg, karibu na Cape Town. Tutatengeneza cha kwetu, cha mahindi na maharage.

Mahitaji

Karatasi moja ya manila, gundi, boksi gumu la kukata, maharage 100 na mahindi 100 ya kuweka mfukoni, mahindi mengine 100 ya kubandika, vizibo vya soda visivyopungua 150, karatasi ya grafu, na mfuko wa kitambaa usioonyesha ndani. Usihangaike na mfuko wa rambo, zilipigwa marufuku tangu 2019, na hata hivyo mtu angechungulia. Vizibo niliviomba kwa mama mwenye genge karibu na stesheni. Alinipa ndoo nzima na kuniuliza kama nimeanza biashara ya chuma chakavu. Usitumie vipande vya karatasi badala ya vizibo. Upepo wetu unaufahamu, na madirisha ya madarasa yetu unayafahamu.

Hatua ya kwanza: ubao wa punje

Chora kwenye manila safu 10 za kulala, kila moja sentimita 3 kwenda juu. Jumla sentimita 30. Zipe namba kuanzia chini. Kisha bandika punje za mahindi katikati ya kila safu kwa idadi hii, kutoka chini kwenda juu:

1, 4, 10, 16, 19, 19, 16, 10, 4, 1.

Zijumlishe: zinafika 100 kamili. Ukisimama mbali utaona umbo la mtungi, mwembamba chini, tumbo pana katikati, mwembamba tena shingoni. Huo ndio moyo wa kinu chetu.

Wanafunzi watauliza namba hizi umezitoa wapi, na ni haki yao. Katikati ya kinu nyutroni ni nyingi. Kandokando ni chache kwa sababu zinatoroka nje. Lakini kuna jambo la pili ambalo vitabu vyetu vinaliruka. Nyutroni ya katikati ina thamani kuliko ya ukingoni, maana haina pa kutorokea, hivyo ina nafasi kubwa ya kukuta kiini cha urani na kukipasua. Fimbo ikikaa mahali penye nyutroni mara mbili zaidi, inakamata mara mbili zaidi, na kila inayokamatwa ilikuwa na thamani mara mbili zaidi. Mbili mara mbili, nne. Ndiyo maana safu ya kwanza ina punje 1 na ya tano ina 19. Kwa wa kidato cha sita unaweza kuwapa fomula yenyewe: fimbo iliyotoka kwa sehemu x ya urefu wake imefungua x kutoa sin(2πx) iliyogawanywa kwa 2π. Wa kidato cha nne waache na mtungi.

Sasa kata boksi lenye urefu wa sentimita 30 na upana wa kufunika safu ndefu kuliko zote. Linafanana na mlango kuliko fimbo, vumilia. Liweke juu ya manila lifunike punje zote, halafu mwite mwanafunzi alipandishe safu moja moja huku wenzake wakihesabu punje zilizofunuka. Moja. Tano. Kumi na tano. Thelathini na moja. Hamsini. Waache wachore grafu ya punje zilizofunuka dhidi ya safu. Itaanza kwa kulala, itapanda ghafla katikati, na itamalizikia kwa kulala tena, kama herufi S iliyovutwa. Usiseme chochote mpaka mtu mmoja aseme mwenyewe kwamba fimbo inafanya kazi tumboni na inalala miguuni na kichwani. Kwangu alikuwa kijana anayekaa karibu na mlango, ambaye kwa kawaida huniuliza tu kengele italia saa ngapi.

Hatua ya pili: kufunga mfuko

Tia maharage 100 mfukoni. Harage ni nyutroni iliyoliwa na fimbo, na kwa kuwa fimbo imezama yote, mfuko wote ni maharage. Kila fimbo inapopanda safu moja, toa maharage kwa idadi ya punje zilizofunuka na uingize mahindi kwa idadi ileile. Fimbo ikiwa safu ya tatu, mfuko una mahindi 15 na maharage 85. Wanafunzi wangu waliupa jina siku ya kwanza: mfuko wa makande. Jina limebaki.

Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza, kwa hiyo soma taratibu. Niliingiza mahindi, nikasahau kutoa maharage. Tulipofika safu ya tano mfuko ulikuwa na mahindi 50 na maharage 100, na kinu kikagoma kuwaka. Tulisubiri kipindi kizima, darasa likapiga miayo, mimi nikitoa maelezo ya kisayansi ya jambo ambalo halikuwa la kisayansi. Mfuko lazima uwe na punje 100 wakati wote. Mpe mwanafunzi mmoja makini kazi hiyo peke yake.

Kanuni za raundi ni hizi. Kila kizibo kilichopo mezani ni nyutroni moja. Kwa kila kizibo, chomoa punje moja bila kutazama, ionyeshe, irudishe, tikisa mfuko. Likitoka hindi, nyutroni imepasua kiini: kizibo kinabaki na unaongeza kingine kimoja. Likitoka harage, kizibo kinaondoka. Vizibo vyote vikishapita, ongeza vinne vipya mezani. Hivyo vinne ni chanzo. Kinu halisi nacho huwekewa chanzo cha nyutroni, kwa mfano kipande kidogo cha kaliforniamu, ili vipimo viwe na kitu cha kuhesabu hata kabla moto haujashika. Kisha hesabu vizibo vyote, andika ubaoni, anza raundi nyingine.

Hatua ya tatu: gawa kazi

Unahitaji mvutaji wa fimbo, mtunza mfuko, wachomoaji, mhesabu, mchora grafu, na mmoja wa kusimama pembeni asifanye chochote. Huyu wa mwisho ndiye wanayemgombania ukiwasimulia kisa chake.

Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwanafizikia Enrico Fermi aliwasha kinu cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu. Kilikuwa rundo la matofali ya grafaiti (kaboni kama ya ndani ya penseli) yenye urani ndani yake, na fimbo zake zilipakwa kadimiamu, metali inayokula nyutroni kwa pupa. Fimbo ya mwisho ilivutwa kwa mkono na George Weil, kidogo, kisha kidogo, huku Fermi akipiga hesabu kwa rula ya kukokotolea. Kila akivuta walisimama, wakasikiliza vihesabio vikitulia, Fermi akatabiri namba itakayofuata. Juu yao alisimama Norman Hilberry na shoka mkononi, tayari kukata kamba iliyoshikilia fimbo ya dharura ili idondoke. Asubuhi hiyo fimbo moja ya usalama iliporuka ndani yenyewe kwa sababu kipimo chake kilikuwa kimewekwa chini mno, Fermi aliwaambia watu waende kula. Wakala, wakarudi, wakaendelea. Mchana kinu kikashika, yaani mpasuko ukajiendesha wenyewe, kwa nguvu ya nusu wati tu.

Kile chakula cha mchana ndicho ninachokipenda zaidi. Kazi ya fimbo haina haraka.

Basi mwanafunzi wa pembeni ndiye mwenye shoka. Akisema "kata", mvutaji anaangusha boksi mpaka chini bila mjadala, na mtunza mfuko anarudisha maharage yote. Asiombe ruhusa kwako wala kwa kiranja.

Hatua ya nne: vuta, simama, subiri, hesabu

Fimbo ikiwa imezama yote, cheza raundi mbili. Vizibo vitabaki vinne, maana vyote vinakufa na chanzo kinaleta vinne vingine. Pandisha safu ya kwanza, cheza raundi tano. Hakuna kitakachotokea, na darasa litaanza kusema mwalimu, hii haifanyi kazi. Pandisha ya pili. Bado. Ya tatu, raundi sita. Ya nne, usipungue raundi kumi.

Wastani wa kutarajia, pamoja na kinyume chake, yaani moja gawanya kwa wastani:

Safu 0: vizibo 4, kinyume 0.25
Safu 1: vizibo 4.1, kinyume 0.245
Safu 2: vizibo 4.4, kinyume 0.225
Safu 3: vizibo 5.7, kinyume 0.175
Safu 4: vizibo 10.5, kinyume 0.095

Zenu zitayumba, kwa sababu mnachomoa kwa bahati. Kama darasa ni kubwa, fanya makundi matatu yenye mifuko yake na uchukue wastani wa makundi yote, na kwa kila safu tumia raundi za mwishoni tu, baada ya namba kutulia.

Kutulia ndiko ninakotaka ukawie. Kwenye safu ya kwanza namba inatulia papo hapo. Kwenye safu ya nne inapanda pole pole, sita, nane, tisa, inarudi nane, inafika kumi na moja, na inachukua raundi nyingi kabla hujasema kwa haki kwamba imesimama. Kadiri kinu kinavyokaribia kushika, ndivyo kinavyochelewa kukupa jibu. Mvutaji asiye na subira anaona namba ndogo, anadhani fimbo haijatosha, anavuta tena, kumbe jibu la mvuto wa kwanza lilikuwa njiani. Niliona msichana mmoja akimshika mkono mvutaji na kumwambia, "We, ngoja, haijamaliza kupanda." Nilimpa alama zangu zote siku hiyo.

Hatua ya tano: mstari unaodanganya

Mchora grafu aweke safu kwenye mhimili wa chini na ile namba ya kinyume kwenye mhimili wa wima. Vizibo vikiwa vingi mno, kinyume kinakaribia sifuri. Kwa hiyo ukichora mstari kupitia nukta mbili za mwisho na kuurefusha mpaka ugonge chini, unapata utabiri wa mahali kinu kitakaposhika. Wataalamu hufanya hivi kwenye vinu halisi kila wanapowasha kinu chenye fueli mpya.

Sasa tazama kinachotokea. Nukta za safu ya kwanza na ya pili zikiunganishwa, mstari unagonga chini kwenye safu ya 13. Manila ina safu 10. Yaani grafu inakwambia ng'oa fimbo yote na bado kinu hakitawaka. Ukitumia safu ya pili na ya tatu, utabiri unashuka hadi 6.5. Ya tatu na ya nne, 5.2. Ukweli ni safu ya tano, kwa sababu hapo mahindi ni 50 kati ya 100 na kila nyutroni kwa wastani inaacha mrithi mmoja.

Ona jinsi mstari unavyokosea: siku zote unakwambia bado mbali kuliko ilivyo. Sababu ni ule mtungi. Fimbo ilikuwa inatoka ukingoni kwenye punje chache, sasa inaingia tumboni. Aliyeamini utabiri wa 6.5 na kuruka kutoka safu ya tatu hadi ya sita, ana mahindi 69 mfukoni, kila nyutroni 100 zinazaa 138, na kufika raundi ya nane vizibo vyako 150 vimekwisha na wachomoaji wanapigana na mfuko. Jaribu hili makusudi mara moja, mwishoni mwa kipindi. Kelele yake inafundisha kuliko mimi.

Kwa hiyo kanuni ya mvutaji ni hii: usisogee zaidi ya nusu ya umbali uliobaki kufika kwenye utabiri, kisha simama, subiri, hesabu, chora mstari upya. Ukiwa safu ya tatu na utabiri ni 6.5, umebakiwa na tatu na nusu. Nusu yake haifiki mbili, basi panda moja tu. Utabiri wa jana usiutumie leo.

Hatua ya sita: mizani na wachelewaji

Kwenye safu ya tano kinu kiko kwenye mizani. Nyutroni zinazozaliwa ni sawa na zinazokufa, na vile vinne vya chanzo vinajilundika juu yake, kwa hiyo namba inapanda kama ngazi, kwa wastani vinne kila raundi. Mara nyingine bahati itakuangusha na vizibo vitapungua. Ni sawa, endelea.

Hapa lazima uwaambie kwamba mchezo wetu unatia chumvi. Kinu halisi hakitoki kwenye 1 kwenda 1.38. Mtu wa zamu anacheza na tofauti ndogo mno, na hata hizo zingekuwa kaburi kama si jambo moja. Chukua kinu ambacho kila nyutroni 1,000 zinazaa 1,001, na kila kizazi kinachukua sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kwa sekunde moja kuna vizazi 10,000, na nguvu ingekuwa imepanda takriban mara 22,000. Hakuna mkono wala mota ya kuwahi hapo.

Kinachotuokoa ni wachelewaji. Kati ya nyutroni 1,000 zinazotokana na mpasuko wa urani-235 (aina ya urani inayopasuka kirahisi), kama 6 au 7 hazitoki papo hapo. Zinatoka baadaye, kwenye mabaki ya mpasuko, baada ya sekunde kadhaa na nyingine karibu dakika nzima. Ni kama msafara wa harusi wa kutoka Dodoma mjini kwenda Kondoa. Magari yote yamejaa, injini zinaunguruma, lakini hauondoki kwa sababu shangazi wawili bado wanafunga vitenge. Mradi kinu kinawahitaji hao wachelewaji ili kipande, kitapanda kwa mwendo wao, na mtu ana muda wa kusogeza fimbo. Ukivuta fimbo kupita kiasi hata nyutroni za papo hapo zikatosha peke yake, msafara umewaacha shangazi na hakuna wa kuusimamisha.

Hilo lilitokea Idaho, Marekani, tarehe 3 Januari 1961, kwenye kinu kidogo cha jeshi kilichoitwa SL-1. Mafundi watatu walikuwa wanaunganisha tena mitambo ya fimbo, kazi iliyohitaji kuinua fimbo ya kati kwa mkono kama sentimita 10. Iliinuliwa kama sentimita 50. Wote watatu walikufa. Wape wanafunzi rula waonyeshane sentimita 10 na sentimita 50 mezani, halafu wakumbushe kwamba fimbo ile ilikuwa ya katikati. Tumboni mwa mtungi.

Hatua ya saba: kuangusha

Mwenye shoka aseme "kata". Maharage 100 yarudi, na raundi inayofuata vizibo ni vinne. Kwenye vinu vya aina ya Koeberg, fimbo huning'inia juu ya moyo wa kinu zikishikiliwa na sumaku za umeme. Umeme ukikatika sumaku zinaachia, na uzito wenyewe unazishusha kwa muda wa kama sekunde mbili. Ndani ya fimbo huwa kuna metali ya fedha iliyochanganywa na indiamu na kadimiamu, au kabaidi ya boroni, vitu vinavyokula nyutroni. Kuna vinu vingine vinavyochemsha maji humohumo ndani. Juu kumejaa vifaa vya kukausha mvuke, kwa hiyo fimbo zake huingia kwa chini zikisukumwa na shinikizo la maji. Na kwenye aina ya Koeberg, siku za kawaida fimbo karibu zote zimetolewa. Marekebisho ya polepole hufanywa kwa asidi ya boriki, nayo mla nyutroni, iliyoyeyushwa kwenye maji. Fimbo zinakaa juu zikingoja, kama yule mwenye shoka.

Usimwache mwanafunzi aondoke akidhani fimbo zikizama kinu kimepoa. Mpasuko umekoma, lakini mabaki yake yanaendelea kutoa joto, mwanzoni kama asilimia 6 au 7 ya nguvu iliyokuwapo. Fukushima, Japani, Machi 2011, fimbo ziliingia sawasawa tetemeko lilipopiga. Kilichokosekana baada ya tsunami ni umeme wa kusukuma maji ya kupoza.

Swali la ziada, kwa wale wanaomaliza mapema: itakuwaje ncha ya fimbo ikiwa ni hindi? Bandika punje chache za mahindi kwenye ncha ya chini ya boksi, na weka sharti kwamba fimbo ikianza kushuka, mahindi yanachukua nafasi ya maharage machache mfukoni kwa raundi mbili za kwanza kabla maharage hayajaanza kurudi. Kinu kilichokuwa kwenye mizani kitaruka kwanza ndipo kizime. Kikiwa kimeshapita mizani, huenda kisifike kwenye kuzima. Kule Chernobyl, Ukraine, usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, fimbo zilikuwa na kipande cha grafaiti chini ya sehemu inayokula nyutroni. Karibu zote zilikuwa zimevutwa juu. Kanuni ilidai ndani kubaki nguvu ya kuzuia isiyopungua ya fimbo 15, waliyokuwa nayo ilikuwa kama ya fimbo 8. Walipobonyeza kitufe cha kuzima, grafaiti iliyasukuma maji ya sehemu ya chini ya kinu, maji ambayo angalau yalikuwa yanakula nyutroni, na nguvu ikapanda mahali ambapo ilitakiwa kushuka. Fimbo zenyewe zilihitaji kama sekunde 18 kufika chini. Muda huo haukuwepo, kinu kikalipuka.

Baada ya kipindi

Rudisha maharage kwenye kopo lake, mahindi kwenye lake, na viringisha manila usiikunje, maana punje zinabanduka kwenye mkunjo na safu ya tano ndiyo inayoumia kwanza. Mwaka jana nilifungua kopo la maharage nikakuta 83. Panya wa stoo, nadhani, ingawa mpishi wa shule naye ana funguo. Mfuko wenye maharage 83 na mahindi kamili utakuonyesha kinu kinachoshika mapema kuliko grafu inavyosema, na utatumia nusu ya kipindi kutafuta kosa kwenye hesabu. Hesabu punje kabla darasa halijaingia.